Okoa Harusi Yako Kabla Diski Haijafa

Katika kabati za sebule nyingi za Mbuya, chini ya televisheni, kuna mfuko wa DVD ambao siku hizi hakuna anayeugusa. Deki iliharibika zamani, nyingine haikununuliwa, na watoto wa nyumba wana simu. Ndani ya mfuko huo zimo muvi za kivita zilizotafsiriwa Kiganda, mahubiri na nyimbo za kwaya. Katikati yake, mara nyingi bila hata maandishi juu, imo kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya dada mkubwa, au ubatizo, au mahafali ya Makerere, au mazishi ya babu kijijini. Muvi zitapatikana kwingine. Kwanjula ya dada haitapatikana popote.

Mbuya ni kilima katika tarafa ya Nakawa, mashariki ya Kampala. Juu yake kuna kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Afrika na kambi kubwa ya jeshi. Chini, upande wa Kinawataka, kuna soko, gereji, vyumba vya kupanga na vibanda vya simu vilivyobanana. Kwa sababu ya kambi ile, Kiswahili husikika hapa kuliko sehemu nyingi za Kampala. Ndiyo lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na mwenye duka wa Kinawataka anajua kuuza vocha kwa Kiganda kisha akageuka na kumwitikia afande kwa Kiswahili bila kuchukua pumzi.

Katika vibanda hivyo kuna kazi moja ambayo wageni wa jiji hawaioni haraka: kujaza memori kadi. Unampa kijana kadi yako au flashi, anaichomeka kwenye kompyuta, mnachagua pamoja, na baada ya dakika chache unaondoka na muvi za wiki nzima. Haya hayakuja kwa bahati. Bando ni ghali kwa mtu wa kipato cha siku. Julai 2018 serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Muvi iliyo kwenye kadi haina ushuru wa bando wala haikatiki katikati kwa sababu mtandao umelegea.

Lakini vibanda hivi ni warithi wa kitu cha zamani zaidi. Kabla yake zilikuwapo laibrari za DVD, ambako ulikodi diski kwa siku moja na kuirudisha kesho yake. Kabla ya laibrari vilikuwapo vibanda vya video, vyenye mabenchi ya mbao na televisheni moja iliyoinuliwa juu, na VJ aliyeshika kipaza sauti akiisimulia filamu ya Hong Kong au Hollywood kwa Kiganda, akieleza, akitania, akimwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. VJ Jingo na VJ Junior wakawa majina makubwa kuliko ya baadhi ya waigizaji waliowatafsiri. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro. Kazi za mafundi hawa wa sauti zilisafiri kwanza kwa kanda za VHS, kisha VCD, kisha DVD, na sasa zimo kwenye kadi ndogo kuliko ukucha.

Kwa hiyo ujuzi wa kuhamisha picha kutoka chombo kimoja hadi kingine umekaa Kinawataka kwa miaka mingi. Jambo ninalotaka kulisema ni kwamba ujuzi huo unatumika zaidi kwa vitu ambavyo havina haraka. Muvi ya Hollywood haipotei. Kinachopotea ni diski ya familia, na inapotea kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa.

DVD unayonunua dukani, ya kiwandani, imepigwa chapa: data zake ni vishimo vidogo sana vilivyokandamizwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa utando wa chuma. DVD aliyokupa mpiga video wa harusi haina vishimo. Ni DVD-R, yenye utando wa rangi ya kikemikali ambao mwali wa leza uliuunguza na kuacha alama. Ndiyo maana tunasema diski imechomwa. Rangi hiyo haipendi jua, joto wala unyevu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2003 ilishauri diski zihifadhiwe kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi 4 na 20, na hewa yenye unyevu wa kati ya asilimia 20 na 50. Anayeijua Kampala wakati wa mvua, na anayejua joto la kabati lililo chini ya bati, ataona tofauti mwenyewe. Kuna diski za bei nafuu zilizochomwa mwaka 2008 ambazo leo zinasomeka nusu, na kuna nyingine za mwaka huohuo zilizo nzima kabisa. Huwezi kujua yako ni ipi kwa kuitazama tu.

Nilikaa kwenye kibanda kimoja cha Kinawataka alasiri moja, nikaona kazi hii ikifanywa. Aliingia mzee mnyoofu, askari mstaafu, na diski nne ndani ya bahasha ya kaki.

“Afande, karibu kiti,” kijana alisema, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

“Hizi ni za kwanjula ya binti yangu. Nataka ziingie kwenye simu. Mashine ya nyumbani imekufa.”

Kijana akazitoa moja moja, akaziinamisha kwenye mwanga wa mlango. Tatu zilikuwa safi. Ya nne ilikuwa na mikwaruzo upande wa chini na ukungu wa vidole.

“Hii inaweza kusumbua, afande.”

“Hiyo ndiyo yenyewe, kijana. Humo mama yangu anaongea. Sina pengine ninapomsikia.”

Kijana hakujibu. Akachukua kitambaa laini, akakilowesha kidogo kwa maji, akaifuta diski kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka. Hakuizungusha. Mfuto wa kuzunguka hufuata njia ileile ya data, na ukiacha mkwaruzo mpya, mkwaruzo huo unafunika data nyingi mfululizo. Ule wa kukatiza huharibu kidogo kidogo, na mashine ina uwezo wa kusahihisha makosa madogo. Dawa ya meno, ambayo watu wengi huisugua wakiamini inaponya, yeye haitumii kwa diski ya mtu. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na kwa diski isiyo na nakala ya pili hiyo ni kamari.

Akaiweka kwenye kisomea diski cha nje, kilichounganishwa kwa waya wa USB, maana laptopu yake, kama nyingi za siku hizi, haina mlango wa diski. Ikazunguka, ikakwama, ikazunguka tena. Halafu akafanya jambo ambalo ningependa kila kibanda kilifanye: hakuanza kugeuza video. Alianza kuinakili diski nzima, jinsi ilivyo, kuwa faili moja la ISO kwenye kompyuta. Kwa ile yenye mikwaruzo alitumia programu ya bure iitwayo ddrescue, ambayo inasoma kwanza sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, inaandika mahali ilipokwama, kisha inarudi kwenye sehemu mbovu tu na kuzijaribu tena na tena. Diski inayokufa haina nguvu ya kusomwa mara nyingi kuanzia mwanzo. Chukua kilicho kizima kwanza.

Ukifungua DVD kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB ambayo hayazidi gigabaiti moja kila moja. Huko ndiko video iliko. Wengi hukosea hapa: wananakili VOB moja, wanabadilisha jina lake mwishoni liwe MP4, wanaituma kwenye simu, na simu inakataa au inaonyesha picha bila sauti. Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo. DVD ilizaliwa Japani mwaka 1996, na picha yake imebanwa kwa mfumo wa MPEG-2, ambao simu nyingi hazina kifaa cha kuusoma moja kwa moja. Simu hupenda H.264, mfumo uliotoka mwaka 2003 na ambao unaifanya kazi ileile kwa nafasi ndogo zaidi. Hiyo ndiyo maana halisi ya kugeuza: video inafunguliwa kutoka mfumo mmoja na kubanwa upya kwa mwingine.

Ukubwa wake una faida ya wazi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, ile ya tabaka mbili 8.5. Kadi ya gigabaiti 16 ingepokea diski tatu tu zikiwa hivyo hivyo. Zikigeuzwa vizuri, video ya saa mbili inakaa kwenye gigabaiti moja au zaidi kidogo, na kadi hiyohiyo inabeba kwanjula, harusi, ubatizo wa watoto wote na nafasi inabaki.

Programu ya kazi hii haiuzwi. HandBrake ipo tangu mwaka 2003, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndiyo ningemshauri yeyote mwenye laptopu aanze nayo. Unaifungulia faili la ISO, unachagua MP4, H.264 kwa picha na AAC kwa sauti, na kwenye ubora unaweka namba 20 hivi; namba ikipungua ubora unapanda na faili linanenepa. Yapo mambo mawili matatu ambayo watu wa haraka huyaruka na kuyajutia.

La kwanza ni mistari. Kamera nyingi za harusi za wakati ule zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, moja ya mistari ya witiri na nyingine ya shufwa, kwa ajili ya televisheni za zamani. Kwenye simu, mtu akipunga mkono, ukingo wa mkono unatokeza meno kama ya kitana. HandBrake ina kitufe cha kuondoa hali hiyo, kinaitwa Deinterlace, na kwa video za sherehe kiwashwe. La pili ni umbo. Picha ya DVD ya huku kwetu ina nukta 720 kwa 576, lakini nukta zake si za mraba, hivyo ukiilazimisha kujaza kioo kirefu cha simu bibi harusi ananenepa. Acha programu ihifadhi uwiano wa asili, hata kama utaona utepe mweusi pembeni. La tatu ni tamaa ya kukuza. Kuigeuza DVD kuwa video ya 1080 hakuongezi hata unyoya mmoja wa picha ambao kamera haikuuona. Kunaongeza uzito wa faili tu. Mistari 576 inatosha, na kwenye kioo cha simu inapendeza.

Diski zilizotumwa na ndugu walioko nje zina mambo yake. Za Boston huja kwa mfumo wa Marekani, mistari 480 na fremu karibu 30 kwa sekunde. Usizilazimishe kuwa 25, ziache zilivyo, la sivyo mwendo wa watu utakuwa wa kushtukashtuka. Diski za kiwandani zimepewa pia namba ya eneo: Afrika Mashariki tumewekwa eneo la 5, Uingereza eneo la 2, ndiyo maana muvi aliyoileta shangazi kutoka London ilikataa kwenye deki ya huku kwetu. Diski iliyochomwa nyumbani haina kufuli hilo.

Kwa simu za kitochi na vichezeo vidogo vya video ambavyo bado vinabebwa na walinzi na mafundi, H.264 ya ukubwa kamili huwa nzito mno. Hao watengenezewe nakala ya pili, ndogo, ya nukta 320 kwa 240. Baadhi ya vifaa vitataka AVI au 3GP. Muulize mwenye simu, jaribu dakika moja ya video kwanza, kisha ndipo ugeuze yote.

Tatizo linalowakatisha watu tamaa zaidi ni diski inayoonekana tupu. Unaiweka, kompyuta inasema haina kitu, na mtu anaitupa. Mara nyingi diski hiyo haikufungwa: aliyeirekodi kwenye mashine ya nyumbani hakuikamilisha hatua ya mwisho inayowezesha mashine nyingine kuisoma. Data zipo. Programu kama IsoBuster inaweza kuziona. Usitupe diski ya familia kabla ya mtu mwenye vifaa kuitazama.

Sasa niseme jambo la sheria, kwa sababu vibanda hivi vinaishi upande wake usio salama. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya Uganda ya mwaka 2006 inatoa nafasi kwa mtu kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi. Haimpi mwenye kibanda ruhusa ya kuuza muvi ya mtu mwingine kwa kila anayekuja na kadi. Wasanii wetu wanaumia kwa hilo, nao si matajiri wa mbali. Kufuli la DVD za kiwandani, liitwalo CSS, lilivunjwa mwaka 1999, na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, alishtakiwa kwa ajili hiyo hadi akaachiwa huru mwaka 2003. Mjadala wa haki ya mnunuzi kuitazama diski yake atakavyo haujafungwa duniani. Kwa kwanjula yako mjadala huo haupo. Ni yako, haina kufuli, na kijana wa Kinawataka anayeigeuza anafanya kazi halali kuliko zote zilizoko mezani kwake. Natamani waiweke kwenye vibao vyao, juu kabisa, kwa herufi kubwa.

Anayedhani kwamba kupoteza nakala ni msiba wa familia ndogo tu aikumbuke Wakaliga, upande wa pili wa jiji hili. Huko Isaac Nabwana alitengeneza mwaka 2010 filamu ya Who Killed Captain Alex?, kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe kwa vipande, na diski zake zikauzwa mkono kwa mkono. Leo filamu hiyo inatazamwa na mamilioni ya watu duniani. Lakini toleo lake la awali, lisilo na sauti ya VJ, limepotea. Kilichobaki ni toleo ambalo VJ Emmie anasimulia juu ya picha. Sauti yake imekuwa sehemu ya filamu, na watu wanaipenda, nami naipenda. Hata hivyo moja ya filamu maarufu zaidi za Uganda haina tena nakala yake ya awali. Ikiwa hilo linaweza kuipata kazi inayojulikana dunia nzima, hali ya diski isiyo na jina chini ya televisheni yako ikoje?

Na hizo muvi za VJ zilizoko kwenye mfuko, zile za zamani, zenye sauti za wasimuliaji walioacha kazi au waliofariki, nazo zisidharauliwe. Hollywood wanayo filamu yao. Usimulizi ule wa Kiganda, wenye majina ya mitaa ya Kampala na vichekesho vya mwaka ule, pengine umebaki kwenye diski chache tu za laibrari iliyofungwa. Wanaofundisha lugha na filamu Makerere wangefanya vyema kuzikusanya zikiwa bado zinasomeka.

Turudi kibandani. Diski tatu za afande zilimalizika kabla ya jua kuzama. Ya nne ilibaki na sehemu chache zisizosomeka, na kijana akamwonyesha bila kuficha: hapa picha itaganda kidogo, hapa sauti itakatika. Akamhamishia kwanza faili la diski hiyo kwenye simu, akairukisha video mpaka mahali mzee alipotaka. Bibi mmoja aliyevaa gomesi alisimama, akasogezewa kipaza sauti kinywani, akaanza kuongea. Sauti ilikuwa nzima. Afande akaisogeza simu sikioni kana kwamba amepigiwa, akasikiliza hadi bibi alipoketi.

“Na diski zenyewe nifanyeje?” akauliza.

“Usizitupe, afande. Zirudishe kwenye bahasha, uzisimamishe wima, mbali na jua. Na hizi ISO nakuwekea kwenye flashi. Flashi hiyo mpe binti yako aiweke kwake, isikae nyumba moja na simu yako.”

Hapo kijana alisema kanuni ambayo wahifadhi wa nyaraka hulipwa kuifundisha. Simu huibwa kwenye teksi ya Nakawa. Memori kadi hufa bila kuaga, na flashi haikuumbwa kudumu miaka 20. Kilichogeuzwa kwa ajili ya simu ni cha kutazamia. Nakala kamili ndiyo ya kutunza, nayo iwe mahali pawili angalau, mikononi mwa watu wawili. Mwenye uwezo aiweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni siku atakapopata intaneti ya kazini au ya chuo.

Basi ndugu msomaji, Jumamosi hii fungua kabati. Tenga diski za kiwandani na zilizochomwa. Hizi za pili ndizo za haraka. Andika kwa kalamu ya wino wa maji, kwenye duara la katikati lisilo na data, ni sherehe ya nani na ya mwaka gani, wakati mzee anayejua bado yupo wa kuulizwa. Usibandike karatasi ya gundi. Kisha zipeleke Kinawataka, au kwa kijana wa mtaani kwako mwenye kompyuta na subira, na umwambie maneno haya kabla hajagusa kitu: nakili diski nzima kwanza, kugeuza baadaye.